Mzazi wa Kihindi, uwatu na maziwa: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Uwatu na shatavari ndivyo vinavyoleta maziwa." Hili ndilo nalisikia zaidi kuhusu Ayurveda, tiba ya kale ya India (shatavari ni mzizi wa dawa wa huko, unaosagwa unga), na ndilo linalowaonea kina mama, kwani asiyepata unga huo hujiona hana maziwa. Maziwa huletwa na mtoto mwenyewe. Kila anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni ya prolaktini, na titi likishanyonywa ndipo hutengeneza mengine. Siku za mwanzo anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwamo. Tafiti za uwatu na shatavari ni ndogo na majibu yake hayalingani. Tena uwatu hushusha sukari mwilini, hivyo mama mwenye kisukari amuulize daktari kwanza.

"Mzazi ashindiliwe samli." Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vikuu vya Ayurveda, hakisemi hivyo. Kinataka apewe samli au mafuta akisikia njaa, kwa kadiri tumbo linavyoweza kusaga, kisha uji mwepesi.

"Cha asili hakidhuru." Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya dawa 193 za Kiayurveda zilizouzwa mtandaoni: karibu moja katika kila tano ilikuwa na madini ya risasi, zebaki au arseniki. Risasi hupita kwenye maziwa ikamfikia mtoto.

"Mtoto aanze kwa asali." Hapa vitabu vya kale vyenyewe vinataja asali na samli kwa mtoto mchanga, nami sivifuati. Dang'a, yale maziwa mazito ya manjano, ndiyo kinga yake ya kwanza, na Shirika la Afya Duniani linataka anyonyeshwe ndani ya saa 1 tangu kuzaliwa. Asali asionjeshwe kabla ya kutimiza mwaka 1: yaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, vinavyolegeza misuli hata ile ya kupumulia.

Ninachokipenda kwa moyo wote ni ule mwezi na nusu wa sutika, yaani mapumziko ya mzazi baada ya kujifungua, unaokaribiana na arobaini yetu: mama hukandwa kwa mafuta ya ufuta yenye uvuguvugu, huogeshwa maji ya moto, hufungwa tumbo, na chakula hupikiwa. Akipumzika hivyo, anapata nafasi ya kumweka mtoto titini kila anapotaka. Ila akishikwa na homa, damu ikizidi, au titi likivimba na kuwa jekundu, mkandaji asimame na mama afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.