Si London nzima iliyolala stesheni

Picha za watu waliobanana kulala kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi zimewaaminisha wengi kwamba huko ndiko London nzima ilikojificha ndege za Ujerumani zilipoushambulia mji mwaka 1940. Sivyo. Hesabu ya Novemba mwaka huo ilikuta takriban asilimia 4 tu ya wakazi humo. Asilimia 9 walikuwa kwenye mahandaki ya umma, 27 kwenye ya nyumbani. Waliobaki, ndio wengi, hawakuwa handakini kabisa. Wengi wao walibaki majumbani mwao.

Handaki la nyumbani, maarufu kama Anderson, lilikuwa mabati mazito yaliyopindwa, yakafukiwa nusu uani na kufunikwa udongo. Bomu likiliangukia moja kwa moja, handaki hilo halikufua dafu. Lilijengwa kukinga vipande vya chuma, mshindo na vifusi, na hapo lilisaidia. Kero yake ilikuwa maji: mvua ikinyesha, lilijaa.

Stesheni nazo hazikuwa salama kihivyo. Oktoba 1940 bomu lilipasua barabara juu ya stesheni ya Balham, likaua zaidi ya watu 60. Na Machi 1943, pale Bethnal Green, watu 173 walikufa kwa kukanyagana na kubanwa ngazini. Hakuna bomu lililoanguka hapo usiku huo.