Njia ya Afisa Mwandamizi wa Sera ya Nishati: Maelezo kwa Vijana wa Lamu

Kijana wa Lamu anayetaka kufikia wadhifa wa juu katika sera ya nishati mara nyingi hudhani kwamba lazima awe mhandisi. Uhandisi ni mlango mmojawapo tu. Wengine huingia kwa uchumi, sheria au elimu ya mazingira, wakaanzia vyeo vya chini wizarani au katika mamlaka ya udhibiti wa nishati na petroli, EPRA. Kileleni yuko Katibu wa Wizara, ambaye kwa Katiba ya Kenya ya 2010 huteuliwa na Rais kutoka kwa waliopendekezwa na Tume ya Utumishi wa Umma, kisha Bunge la Taifa likaidhinisha.

Uzito wa kazi yenyewe umo katika mikataba ya kununua umeme. Mkataba mmoja huweza kudumu miaka 20 au zaidi, na mtambo mkubwa kwa kawaida hulipwa kwa kuwa tayari kuzalisha, hata siku ambayo umeme wake haukuhitajika, kwa hiyo makadirio ya mahitaji yakipita kiasi, mzigo humwangukia mteja. Tazama ujumbe wa tokeni za umeme unaoingia kwenye simu yako: pamoja na bei ya umeme wenyewe mna gharama ya mafuta, marekebisho ya thamani ya shilingi, tozo ya umeme vijijini na VAT. Kila kipengele ni uamuzi ulioanza kama ushauri wa afisa fulani mezani.

Lakini hesabu peke yake hazitoshi, na Lamu ndiyo iliyolithibitisha hilo. Mnamo Juni 2019, jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Kwasasi, Lamu, kwa sababu, miongoni mwa nyingine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi waliokuwa wakiuliza maji ya moto ya mtambo yatafanya nini kwenye mikoko na mazalio ya samaki walikuwa wakiuliza swali la sera, tena la msingi kabisa, na kwa maoni yangu afisa asiyeweza kukaa nao barazani akalijibu hajakomaa kwa cheo hicho, hata shahada zake zikiwa nyingi.

Ndiyo maana namshauri mhitimu asidharau kuanzia kaunti. Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati na kuuwasilisha kwa Waziri. Kuuandaa kunahitaji mtu wa kwenda hadi kijiji cha wavuvi cha Kizingitini kuuliza barafu ya samaki inahitaji umeme kiasi gani, na saa zipi.