Duara la mawe: maana yake na namna ya kulizuru

Mawe matatu yakikaa mviringo ni mafiga, na hakuna anayeuliza kazi yake: yanabeba chungu. Duara la mawe ninalotaka kulieleza hapa linafanana na mafiga kwa jambo moja kubwa. Mawe yamezunguka nafasi, na nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa na kazi. Ila waliolijenga wameondoka, chungu hakipo, moto umezimika zamani sana, nasi tumebakiwa na mafiga peke yake.

Kwa lugha ya akiolojia, duara la mawe ni mawe marefu yaliyosimikwa ardhini moja moja, yakiachiana nafasi, yakizunguka uwanja au kaburi. Shika hilo neno kusimika. Mtu alichimba shimo, akaliburuta jiwe hadi pale, akaliinua na kulishindilia lisimame. Kwa hiyo mwamba uliochomoza wenyewe hauhesabiki, hata uwe mzuri vipi, na ukuta pia hauhesabiki. Thimlich Ohinga, kule Migori nchini Kenya, ni kazi ya mawe ya mviringo na imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2018, lakini si duara la mawe kwa maana hii. Ni maboma. Kuta zake zimepangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji wala udongo wa kushikia, na ndani yake waliishi watu na mifugo yao. Hapo kazi ya mviringo iko wazi kama ya zizi lolote. Kwenye duara la mawe yaliyosimikwa, ng'ombe angepita katikati ya jiwe na jiwe bila hata kuinamisha pembe. Halizuii kitu. Basi linatenga nini na nini?

Kabla ya kujibu, niseme kidogo kuhusu maneno "kabla ya historia" ambayo huandamana na mada hii. Maana yake ni kabla ya maandishi, basi. Hayana maana ya kabla ya akili, wala kabla ya utaratibu. Na tarehe zake hazifanani kila mahali. Göbekli Tepe, kule Uturuki, ina nguzo zenye umbo la herufi T zilizopangwa mviringo yapata mwaka 9500 KK, kabla ya watu wa huko kuwa wakulima kamili. Stonehenge ya Uingereza ilianza kama handaki la mviringo yapata 3000 KK, na mawe yake makubwa yakasimikwa karibu na 2500 KK. Madwara ya Senegambia, huku Afrika Magharibi, yaliendelea kujengwa na kutumiwa hadi karne ya 16 BK.

Nianze na hayo ya Senegambia, kwa sababu ndiyo yanayojibu swali vizuri zaidi, na kwa sababu inanisikitisha kuona mtu akitajiwa duara la mawe anafikiria Uingereza peke yake. Kandokando ya Mto Gambia, katika ukanda wa kilomita 350 kwa urefu na 100 kwa upana, kuna kumbukumbu za mawe za aina hii zaidi ya 1,000. Makundi manne yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006: Wassu na Kerbatch upande wa Gambia, Sine Ngayène na Wanar upande wa Senegali. Kwa pamoja yana madwara 93, na Sine Ngayène peke yake ina 52.

Kila duara lina mawe kama 8 hadi 14. Mawe yenyewe yana rangi ya kutu, nayo ni ya jamii ileile ya maramu tunayoitandaza barabarani kwetu. Jiwe hilo likiwa bado ardhini huchongeka, likipigwa na hewa na jua hukaza. Mafundi walilikata machimboni kwa vyombo vya chuma, wakalichonga nguzo ya duara au ya pembe nyingi, nguzo kwa nguzo zikifanana hivi kwamba ukisimama katikati unaona ni mkono wa watu waliojua kazi. Baadhi yana umbo la V, kipande kimoja cha jiwe chenye mikono miwili iliyoinuka. Kukata V kwenye jiwe zito bila mkono mmoja kuvunjika ni kazi ya kutetemesha moyo.

Ndani ya madwara hayo wamezikwa watu. Nje, upande wa mashariki, husimama mawe mengine ya mbele, na chini yake wachimbaji wamekuta vyungu vilivyowekwa kwa makusudi. Hapo ndipo wazo la duara linapojifungua. Walio ndani ni wafu, wanaoleta vyungu ni walio hai, nao wanasimama nje wakiwa upande wa jua linakochomoza. Mawe hayakuwekwa yazuie mwili kupita. Yaliwekwa ili kila anayefika ajue yuko upande gani.

Hata leo wageni wa Wassu huacha kijiwe kidogo juu ya nguzo. Si wale wajenzi waliofundisha hivyo, kwa kadiri inavyoonekana, lakini nguzo zimejaa vijiwe, na ukifika utaelewa kwa nini mkono unatafuta kitu cha kuacha.

Uingereza nako kuna jambo linalosema vilevile, ingawa kwa udongo. Wanaakiolojia wa huko wana neno "henji", ambalo Thomas Kendrick alilianzisha mwaka 1932 kwa kulikata kutoka kwenye jina Stonehenge. Henji ni uwanja wa mviringo uliozungukwa na handaki na tuta. Sasa tazama mpangilio: tuta liko nje, handaki liko ndani. Kila aliyewahi kufika Fort Jesus, Mombasa, anajua kwamba handaki la ngome huwa nje ya ukuta, adui aliangukie kabla hajafika. Ukiliweka ndani humzuii adui, unamrahisishia. Kwa hiyo henji haikuwa ngome. Tuta liliwakinga walio nje wasione kinachofanyika ndani, au liliwapa mahali pa kukaa wakitazama, au vyote viwili. Stonehenge yenyewe, iliyotoa jina, handaki lake liko nje ya tuta kuu, kwa hiyo kwa kipimo hicho si henji halisi. Majina ya kitaalamu yana mambo hayo.

Mtu akiniuliza aende wapi kati ya Stonehenge na Avebury, duara jingine la Uingereza, na ana siku moja tu, namwambia Avebury. Si kwamba Stonehenge haifai. Mawe yake ya juu, ambayo fundi wa ujenzi angeyaita lenta, yameunganishwa na nguzo kwa kichomozo kinachoingia kwenye tundu, kama seremala anavyounga fremu ya mlango, na sijui duara jingine la mawe lenye kazi hiyo. Baadhi ya mawe madogo yalitoka vilima vya Preseli, Wales, umbali wa kilomita 240 hivi, na utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba lile jiwe la katikati lililolala lilitoka kaskazini mashariki mwa Scotland, kilomita 750 hivi. Lakini siku za kawaida unalizunguka kwa mbali, nyuma ya kamba. Wanaoingia katikati bila malipo ni wale wa siku chache za mwaka, kama mapambazuko ya siku ndefu kuliko zote mwezi Juni na ya siku fupi mwezi Desemba, na ni umati.

Avebury unaingia na kutoka. Duara la nje lina kipenyo cha mita 330 hivi, na sehemu ya kijiji imejijenga humo, barabara inapita katikati, kondoo wanalala kwenye vivuli vya mawe. Unaweza kuweka kiganja kwenye jiwe. Unashuka na kupanda handaki lililochimbwa kwa pembe za kulungu, ambalo mwanzoni lilikuwa na kina cha mita tisa au zaidi na sasa limejaa nusu. Humo ndimo utakapojua ukubwa wa kazi, si kwenye mawe. Wanakijiji wa zamani waliyaangusha mengi: karne za kati waliyafukia, baadaye wakayapasha moto na kuyamwagia maji baridi yapasuke, wapate mawe ya kujengea nyumba. Mwanaakiolojia Alexander Keiller alianza kuyachimbua na kuyasimika upya miaka ya 1930. Mwaka 1938, chini ya jiwe moja lililofukiwa, walikuta mifupa ya mtu mwenye mkasi na sarafu za karne ya 14. Inaaminika alikuwa kinyozi aliyetibu watu pia, kama vinyozi wa wakati ule walivyofanya.

Jiwe lisikudanganye kwamba ndilo lililoanza. Stanton Drew, kijiji kilicho kusini ya Bristol, kuna duara la mita 113 lililo kwenye malisho ya ng'ombe. Mwaka 1997 lilipimwa kwa vyombo vya kusoma sumaku ya udongo bila kuchimba, zikaonekana chini ya majani pete tisa za mashimo, moja ndani ya nyingine, za nguzo za miti zilizooza zamani. Nguzo za miti mamia, na jicho halioni hata moja. Ukitembea pale unatembea juu ya msitu uliopangwa.

Wenyeji wa Stanton Drew wana hadithi yao. Harusi ilichezwa Jumamosi hadi usiku wa manane, mpigaji fidla akagoma kuvunja Jumapili, akaja mwingine asiyejulikana akaendelea kupiga. Kulipopambazuka, bibi harusi, bwana harusi na wachezaji wote walikuwa mawe. Anayejua mduara wa harusi za kwetu, jinsi watu wanavyozunguka na kuzunguka ngoma ikikolea, hatashangaa kwamba mtu akiona mawe yamezunguka anaona wachezaji. Tena si Waingereza peke yao walioona hivyo. Kando ya barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kalokol, magharibi ya Ziwa Turkana, zipo nguzo 19 za mwamba mweusi ndani ya uwanja uliozungushiwa mawe. Waturkana wanapaita Namoratunga, watu wa mawe, na wanasimulia kwamba walikuwa wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe. Jamii mbili ambazo hazikuwahi kusikiana zimetoa maelezo yaleyale.

Hizo nguzo za Kalokol zina funzo kwa anayependa kuhusisha kila duara na nyota. Mwaka 1978 watafiti wawili, Lynch na Robbins, walichapisha hoja kwamba nguzo zimeelekezwa kwenye nyota fulani kama zilivyoonekana yapata 300 KK, na wakaihusisha na kalenda ya Waborana. Habari ikaenea sana. Waliorudi kupima walikuta kwamba mawe yenyewe yana sumaku, na dira ilikuwa imepotoshwa. Baadaye ikabainika kwamba nguzo ni za miaka 5,000 hivi iliyopita, na nyota za wakati huo hazikuwa zinachomoza mahali palepale. Sisemi wazee wale hawakutazama mbingu. Mhimili wa Stonehenge unaelekea macheo ya siku ndefu, na hilo halina ubishi. Nasema tu kwamba mawe 19 na nyota mia ukivuta mistari ya kutosha, mingine itakutana.

Kinachojulikana kwa hakika kuhusu majirani wa nguzo hizo kinatosha kumshika mtu. Lothagam Kaskazini, upande huohuo wa ziwa, ni jukwaa la mviringo lenye upana wa mita 30 hivi, limefunikwa kwa mawe, lina nguzo, na kando yake yapo madwara madogo. Lilijengwa na wafugaji wa kwanza wa eneo hilo, wakati mvua zilipokuwa zinapungua na ziwa linarudi nyuma. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalikadiria kwamba wamezikwa humo watu wasiopungua 580, wanaume na wanawake, watoto wachanga hadi wazee, na karibu kila mmoja ana pambo lake. Hakuna kaburi la mkubwa lililotengwa na la mdogo. Mmoja alizikwa na meno ya mbele 405 ya panya wa jangwani, yaliyotoka kwa panya wasiopungua 113, yamepangwa kama pambo la kichwa. Fikiria vidole vilivyoyapanga, jino moja baada ya jingine, kwa ajili ya mtu atakayeingizwa udongoni.

Kwa hiyo ukifika kwenye duara lolote, usikimbilie katikati kupiga picha. Zunguka kwanza kwa nje, mzunguko mzima. Tafuta pengo lililo pana kuliko mengine, maana huenda ndilo mlango, na tazama linaelekea wapi. Angalia kama mawe yanarefuka upande mmoja. Nenda asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, kwa sababu mwanga wa ubavuni huonyesha matuta na mifereji ambayo saa sita mchana haionekani. Na kule Turkana saa sita mchana utaungua bure. Usikwaruze jina, usiwashe moto karibu, Avebury imeshatuonyesha moto unavyolifanya jiwe. Mwenye shamba akiomba mchango, toa. Palipo na mlinzi au mzee wa mahali, msalimie na umwombe akutembeze, kwa sababu hadithi ya mahali haiandikwi yote kwenye kibao.

Ukishazunguka, ingia. Simama pale kati, unyamaze kidogo, geuka polepole. Kila jiwe litakuwa limekugeukia.