Stesheni haivunjwi kwa sababu imechakaa

Tangu treni ya mwendokasi ianze kufika Dodoma Julai 2024, watu hawaachi kuniuliza: ile stesheni ya mjini, ya reli ya zamani, itabomolewa? Mimi ni msanifu majengo, na nashughulika zaidi na majengo makongwe. Kabla ya kujibu huwa nawasimulia habari za Pennsylvania Station ya New York.

Mwanzoni mwa karne ya 20, msafiri aliyetoka magharibi kwa treni za kampuni ya Pennsylvania Railroad aliishia Jersey City, akavushwa mto Hudson kwa kivuko. Rais wa kampuni hiyo, Alexander Cassatt, akaamua kuchimba njia chini ya mto na kujenga stesheni katikati ya jiji. Kazi ya kuichora ilikwenda kwa kampuni ya wasanifu ya McKim, Mead & White. Ukumbi wa kusubiria waliuiga kutoka kwenye mabafu ya Mfalme Caracalla kule Roma: dari lake lilikuwa juu karibu mita 45, na nje zilisimama nguzo 84 za mawe. Ilifunguliwa mwaka 1910, mwaka uleule ambao reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika hapa kwetu Dodoma. Cassatt hakuiona. Alifariki mwaka 1906.

Kuna uamuzi mmoja ambao wengi hawautilii maanani. Cassatt alitaka hoteli juu ya stesheni, ili ardhi ile ya bei mbaya iingize fedha. Msanifu wake, McKim, akamshawishi aachane na wazo hilo: stesheni ni lango la jiji, isibebeshwe vyumba vya kulala. Kisanaa alikuwa sahihi kabisa, na mimi ningemuunga mkono. Lakini nafasi iliyoachwa wazi juu ya reli ndiyo ilikuja kuuzwa.

Mwaka 1945 abiria zaidi ya milioni 100 walipita pale. Baada ya hapo zikaja barabara kuu na ndege, mapato yakashuka, huku kodi na gharama za kutunza jengo zikibaki palepale. Kampuni ikauza haki ya kujenga juu ya reli. Ikaahidiwa stesheni ndogo ya chini ya ardhi bila kulipia, pamoja na asilimia 25 ya mradi mpya wa Madison Square Garden, ukumbi wa michezo na matamasha. Agosti 1962 wasanifu waliandamana na mabango. Haikusaidia, kwa sababu tume ya mipango miji ilikuwa na mamlaka ya kujadili kibali cha ukumbi mpya tu. Thamani ya jengo lililokuwepo haikuwa kwenye ajenda. Ubomoaji ulianza Oktoba 1963, na kwa kuwa njia za reli zilikuwa chini, treni ziliendelea kupita; ni kama kuezua nyumba huku wenyewe wako ndani wanakula. Sehemu ya mawe yake ilikwenda kutupwa kwenye mabwawa ya New Jersey.

Sheria ya kulinda majengo ya jiji ilipitishwa mwaka 1965. Ndiyo iliyookoa Grand Central, stesheni nyingine kubwa ya New York, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuikubali mwaka 1978.

Turudi Dodoma. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Michoro ya kale ya miambani kule Kondoa imo. Reli yote ya kati haimo, maana Mjerumani alikuwa hajafika. Jengo la miaka ya 1910 linahitaji waziri alitangaze rasmi, na bila tangazo hilo umri wake hauna uzito wowote kisheria. Kwangu mimi, mwaka huo 1863 ulipaswa kusogezwa mbele zamani.

Kwa sasa kinachoilinda stesheni ya mjini ni treni za reli ya zamani (geji ya mita) za Kigoma na Mwanza. Zikihamia zote kwenye reli mpya, itabaki ardhi ya katikati ya makao makuu ya nchi, na bei ya viwanja hapa, tangu serikali ihamie, kila mtu anaijua. Ombi la kumtaka waziri alitangaze jengo linapaswa kuandikwa sasa hivi, abiria wakiwa bado wamepanga mstari dirisha la tiketi. Mnunuzi akishapatikana, hoja zote zitakuwa juu ya mchoro wa jengo jipya.