"Grafu yangu imeliwa": dhana potofu kuhusu michoro kwenye programu za zamani za uchapaji

"Kaka, grafu yangu imeliwa."

Mwanafunzi wa uzamili alinitandazia mezani kurasa za tasnifu yake, bado zina joto la printa. Maneno "Mchoro 3: Mvua kwa mwezi" yapo, namba ipo, lakini juu yake pamebaki weupe mtupu, umepimwa vizuri kabisa. Nikamuuliza kwenye flashi amebeba mafaili gani. Moja tu, lile la DVI, yaani faili la kurasa zilizokwisha kupangwa, lililotolewa na LaTeX, programu ya uchapaji iliyojengwa juu ya TeX. Faili la grafu alikuwa ameliacha kwenye kompyuta ya rafiki yake hosteli.

Hakuna aliyekula grafu. Haikuwahi kuwemo. Nimeshaieleza habari hii mara nyingi kwa watu mbalimbali, na kila mara nakutana na dhana zilezile.

"TeX huiweka picha ndani ya ukurasa"

Haiweki. Mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth alianza kuibuni TeX mwaka 1977 pale Chuo Kikuu cha Stanford, akaijenga juu ya visanduku. Herufi ni kisanduku, mstari ni visanduku vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, ukurasa ni kisanduku kikubwa. TeX hujua kimo, upana na kina cha kila kimoja. Kilichomo ndani hakiihusu. Hata umbo la herufi "a" haina habari nalo, inajua vipimo vyake tu.

Kwa mambo mengine yote Knuth aliacha mlango mmoja: amri ya \special. Amri hii hupokea maneno yoyote na kuyapitisha kama yalivyo hadi kwenye faili la DVI, kama tarishi anayebeba barua bila kuifungua. Anayeifungua ni programu ya kuchapisha, kwa mfano dvips ya Tomas Rokicki. Hiyo ndiyo inayokwenda kulitafuta faili la picha na kulimimina kwenye nafasi iliyoachwa. Isipolikuta hunung'unika mstari mmoja kwenye skrini, kisha inaendelea na kazi zake. Mwanafunzi wangu hakuusoma mstari ule. Nani huusoma?

"EPS ni picha, kama JPEG"

Ukilifungua faili la EPS, yaani faili la mchoro linaloandikwa kwa lugha ya PostScript, kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi ya kawaida utakuta kitu cha namna hii:

%!PS-Adobe-3.0 EPSF-3.0
%%BoundingBox: 0 0 200 150
newpath
10 10 moveto
190 140 lineto
stroke
showpage

Haya ni maagizo. Peleka kalamu hapa, vuta mstari hadi pale, sasa tia wino. PostScript, iliyotoka Adobe mwaka 1984, ni lugha kamili ya programu, yenye vitanzi na masharti, na anayeyatekeleza maagizo ni printa yenyewe. Ndiyo maana printa ya LaserWriter ya Apple, iliyoingia sokoni mwaka 1985, ilikuwa na prosesa ya Motorola 68000 ya MHz 12 na kumbukumbu ya MB 1.5, wakati kompyuta ya Macintosh ya kwanza, ya mwaka mmoja nyuma, ilikuwa na prosesa ya aina hiyohiyo ya karibu MHz 8 na kumbukumbu ya KB 128. Mtumwa alikuwa na nguvu kuliko bwana.

Ninaoupenda zaidi ni mstari wa pili. Unaanza na alama ya asilimia, maana yake kwa PostScript ni maoni tu na printa inaupuuza. Kwa upande wa LaTeX mambo ni kinyume: katika faili zima, huo ndio mstari pekee inaoutafuta. Namba zake ni pembe mbili za kisanduku, kwa kipimo cha 72 kwa inchi moja, kwa hiyo mchoro huu una upana wa sentimita 7 na ushei. (Pointi ya TeX yenyewe ni 72.27 kwa inchi. Ile ya PostScript Knuth aliipa jina jingine, bp. Tofauti ni ndogo, lakini imewakosesha watu usingizi.) Ukidanganya kwenye mstari huo, unaaminiwa. Andika kwamba mchoro una kimo cha 50 wakati una 150, na grafu yako itapanda juu ya aya iliyotangulia bila aibu. Watu hulaumu printa.

"Kabla ya panya na madirisha, michoro ilibandikwa kwa gundi"

Wengi walibandika, ni kweli. Waliacha nafasi, wakakata kwa mkasi, wakapaka gundi, wakatoa fotokopi. Lakini si kwamba hapakuwa na njia nyingine.

Pale Bell Labs, maabara ya utafiti huko Murray Hill, Marekani, Joe Ossanna aliandika troff, programu ya kupanga kurasa, ili iendeshe mashine ya kupiga chapa iliyoitwa CAT. Mashine ile ilijua herufi basi: fonti 4, kila moja alama 102. Ossanna alifariki mwaka 1977. Brian Kernighan akaichukua kazi yake na kuiandika upya ili troff iweze kuongea na mashine yoyote, na akaongeza amri za kuchora mistari, duara na tao. Mlango ulipofunguka hivyo, akaandika pic, ambamo mchoro unauandika kwa maneno:

.PS
box "Shamba"; arrow; box "Soko"
.PE

Boksi, mshale, boksi. Usipotaja vipimo, boksi lina upana wa inchi 0.75 na mshale una urefu wa inchi 0.5, kwa hiyo mchoro mzima una inchi 2 kamili. Baadaye Kernighan na Jon Bentley wakatengeneza grap kwa ajili ya grafu. Unaipa namba, yenyewe inaandika maagizo ya pic, pic inaandika ya troff, na troff inapanga ukurasa. Ukisahihisha takwimu ya Machi, grafu inajichora upya, na gundi inabaki kwenye chupa yake.

Usichanganye pic hii na mafaili ya .PIC ya Lotus 1-2-3, lahajedwali ya mwaka 1983. Yale yalihifadhi grafu ili ichapishwe na programu ya pembeni iliyoitwa PrintGraph.

"LaTeX ya zamani ingeweza kuchora mstari wowote"

Mazingira ya picture, sehemu ya LaTeX ya kuchorea, aliyoyatengeneza Leslie Lamport, mwandishi wa LaTeX, yalichora kwa fonti: mistari ya mshazari ilikuwa vipande vya mistari vilivyotengenezwa kama herufi. Kwa hiyo mwinuko ulitajwa kwa namba nzima mbili, kila moja kuanzia -6 hadi 6, na kwa mishale -4 hadi 4. Duara tupu kubwa kuliko zote lilikuwa na kipenyo cha pointi 40, milimita 14 hivi. Jaribu kuchora mvua ya Moshi hapo.

"Gnuplot ni ya mradi wa GNU"

Gnuplot ni programu ya kuchora grafu, na GNU ni mradi wa programu huru; majina yamegongana tu. Thomas Williams na Colin Kelley waliitoa mwaka 1986, wakataka kuiita newplot, wakakuta jina lina mwenyewe, wakafanya mchezo wa matamshi. Ni bure, lakini masharti yake ni tofauti na ya GNU. "Gnu" kwa Kiingereza ni nyumbu, na huyu ni nyumbu wa kundi jingine.

"Ikiwa safi kwenye skrini, itakuwa safi kwenye karatasi"

Skrini ya Macintosh ilikuwa na nukta 72 kwa inchi, LaserWriter nukta 300. Gawanya, unapata 4 na kipande. Kipande hicho ndicho kilichoharibu michoro ya MacPaint, programu ya kuchorea ya Macintosh, kwa sababu nukta moja ya skrini haikuweza kugeuka nukta nzima za printa. Nyingine zilinenepa, nyingine zikakonda, na mistari ikatoka na madoa. Dawa ilikuwa kupunguza mchoro hadi asilimia 96, maana 72 mara 4 ni 288, ambayo ni asilimia 96 ya 300. Hapo kila nukta inakuwa nne kwa nne, na mistari inanyooka. Mchoro mdogo ukawa safi kuliko mkubwa.

Kijana alirudi siku ya pili na mafaili yote mawili. Mvua yake ikatoka, ndefu, karibu ukurasa mzima. Ila haikutoka pale alipoiandika.

"Kaka, sasa imekimbia. Iko mwisho wa sura, na michoro mingine yote imeifuata!"

Alikuwa ameandika [h], yaani "hapa", na LaTeX huongeza t yenyewe, ya juu ya ukurasa. Hapa haikutosha. Juu ya ukurasa, michoro hairuhusiwi kuzidi asilimia 70 ya kimo, nayo ilizidi. Ukurasa wa michoro peke yake hakuuruhusu. Na kwa kuwa mchoro haukubaliwi kumpita mwenzake, 4, 5 na 6 zilipanga foleni nyuma ya 3.

Tukaongeza herufi moja, p, ya ukurasa wa michoro peke yake. Foleni ikafunguka.