Maji ya moto na ya baridi yakikutana: maswali ya walezi wa Kigoma

Nikichanganya maji ya moto na ya baridi nusu kwa nusu, si yanakuwa vuguvugu?

Hapana, na hapo ndipo mtoto anapoungulia. Ya moto hupoa, ya baridi hupata moto, mpaka yalingane. Kigoma mjini tuko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi joto 97 hivi, hayafiki 100. Ya ziwani tuseme ni nyuzi 25. Jagi moja la haya kwa jagi moja la yale ni nyuzi 61. Kwenye nyuzi 60, ngozi ya mtu mzima huungua vibaya kwa sekunde 5 hivi. Ya mtoto mchanga ni nyembamba, haivumilii hata muda huo.

Basi ya kumwogeshea nichanganye vipi?

Jagi 1 lililotoka jikoni sasa hivi kwa majagi 5 ya baridi hukupa kama nyuzi 37, zinazomtosha. Ila maji yaliyolala kwenye chupa ya chai yameshapoa, kwa hiyo hesabu pekee haitoshi. Tangulia kumimina ya baridi kwenye beseni, ya moto yafuate. Koroga mpaka chini, maana ya moto ni mepesi, hukaa juu. Kisha pima kwa kiwiko. Kiganja kinachoepua sufuria kila siku kimeshazoea moto, kitakudanganya. Na yakipoa katikati ya kuoga, mtoe mtoto kwanza ndipo uongeze.

Maji ya kunywa niliyochemsha bado ya moto, mtoto analia kiu. Niyapooze kwa ya ndooni?

Usithubutu. Kuchemsha kumeua vijidudu vya maji yale tu. Ukitia ya ndooni unaingiza vipya, na kwa kuwa unayapooza hadi yanyweke, joto lililobaki haliwezi kuviua. Wanaoishi kando ya ziwa hawahitaji kuelezwa sana: Mei 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa ziwa, kwa wakimbizi waliotoka Burundi.

Funika sufuria, uiweke ndani ya beseni la maji baridi, uyabadilishe yakipata moto. Joto hupenya sufuria, vijidudu havipenyi. Uji nao upoozwe hivyohivyo.

Na akishamwagikiwa?

Mwagie hapohapo maji safi ya baridi, yatiririke kwa dakika 20. Bomba likiwa halitoi, mimina kata baada ya kata. Barafu hapana; dawa ya meno, mafuta na majivu pia hapana, hata bibi akisisitiza. Vua nguo iliyolowa, isipokuwa iliyogandia kwenye ngozi. Sehemu nyingine ya mwili ifunikwe asishikwe na baridi. Kidonda kifunike kwa kitambaa safi, umpeleke zahanati. Malengelenge usiyatumbue.