Vidonge vya kuongeza mbegu: baba, pima kwanza

Wanaume wengi wanaofika kliniki za uzazi hapa Tanga huja na mfuko wa vichupa, vingine vya maduka ya dawa ya Ngamiani, vingine vya wauzaji wa mtandaoni. Ukisoma lebo, majina ni tofauti lakini vilivyomo ni vilevile: vitamini C na E, zinki, seleniamu, asidi ya foliki, karnitini, pengine na likopeni, ile rangi nyekundu ya nyanya. Hizo ndizo antioksidanti.

Hoja ya wauzaji, kwamba vidonge hivi huimarisha mbegu, ina msingi. Utando wa mbegu ya kiume una mafuta yanayoharibika upesi. Sigara, maambukizi, unene na joto huzidisha chembechembe kali za oksijeni zinazoshambulia utando huo na kukata vinasaba, na antioksidanti huzipunguza makali. Ila mbegu inazihitaji kidogo chembechembe hizohizo ili iweze kupenya yai. Kuzizima zote nako ni hasara.

Je, mtoto anapatikana? Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani kwa jozi 2,370 za mume na mke. Waume walipewa asidi ya foliki na zinki, au kidonge kisicho na dawa, kwa miezi 6. Waliopata mtoto hai walikuwa asilimia 34 upande wa dawa na 35 upande wa pili. Waliomeza dawa ndio waliolalamikia zaidi tumbo na kichefuchefu. Jaribio jingine la mwaka huohuo lilitumia mchanganyiko kama ule wa vichupani kwa wanaume wenye tatizo tayari. Idadi, mwendo na umbo la mbegu havikuboreka. Tafiti ndogo zenye majibu matamu zipo, tena nyingi, lakini ukiziondoa zilizofanywa kwa udhaifu, faida ya kupata mtoto haionekani.

Kinachoniuma zaidi ni muda unaopotea. Mume anameza vidonge mwaka mzima, mke anasimangwa na mawifi, na shahawa hazijapimwa hata mara moja, wakati karibu nusu ya ugumba una mchango wa mwanamume. Daktari akimpima kwa mkono anaweza kukuta mishipa iliyovimba juu ya korodani, ambayo hufanyiwa upasuaji, au busha, ugonjwa tunaoujua sana pwani hii. Wapo walioziba mirija kwa kisonono cha zamani. Wapo vijana wa jimu wanaojidunga testosteroni bila kujua kuwa sindano hiyo huzima utengenezaji wa mbegu. Vitamini haizibui mrija.

Supu ya pweza endeleeni kunywa, ni chakula kizuri na zinki imo. Dagaa, mchicha na machungwa ya Muheza vilevile. Kwamba pweza anatibu ugumba, hayo ni ya vijiweni.

Kipimo chenyewe hakina maumivu. Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa, tumia kikopo cha maabara na si kondomu ya kawaida, na kama umetolea nyumbani, kibebe ndani ya nguo karibu na mwili, kifike ndani ya saa moja. Usikiweke kwenye barafu. Majibu yakiwa mabaya kipimo hurudiwa, na aliyeacha sigara asubiri kama miezi 3 ndipo apime tena, maana mbegu huchukua zaidi ya miezi 2 kukomaa.